Kuku Hajui Sinema

Jumatano, 9 Juni 1982

Likizo siku ya tano. Leo nimepata kazi! Kazi ya kunakili. Watu wa sinema waliofikia kwa Mzee Sabiti, yule mwenye duka pale Segese, wanataka nakala tatu za mchezo wao, na taipureta yao imeishiwa utepe. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi akawaambia yuko binti wa Kidato cha Tatu, yuko nyumbani kwa likizo, haongei lakini mwandiko wake kama wa kitabu. Haongei! Kasema hivyo mbele yangu. Nikatazama miguu yangu.

Wako watatu. Hatibu ndiye mwongozaji, kijana wa Dar, anavuta sigara nusu, anaizima, anairudisha mfukoni. Donatus ni mpiga picha. Chausiku ni mwigizaji. Hawakutumwa na serikali wala kampuni. Kamera yenyewe wameazima. Hatibu anasema ni sinema ndogo — nyumba moja, watu wanne, hakuna bunduki. Bibi kizee anasingiziwa uchawi na watu wa nyumba yake mwenyewe. Mwishoni anakubali kosa lisilo lake ili wamwache mjukuu wake apumue.

Kurasa kumi na mbili leo. Kidole kina alama ya kalamu. Sijawahi kusoma kitu kinachotokea kwenye nyumba kama yetu.

Ijumaa, 11 Juni

Nimefanya jambo. Sijui kama ni ujinga.

Jana Chausiku alikuwa anafanya mazoezi uani kwa Mzee Sabiti. Unga kichwani, mgongo kaupinda, fimbo. Kila mwisho wa sentensi anasema "gete, ng'wanangu, gete!" — kweli, mwanangu, kweli. Donatus anacheka hadi anakaa chini. Wapakiaji wa Mzee Sabiti nao wanacheka, Wasukuma watupu! Bibi yangu husema "gete" labda mara moja kwa wiki, na siku hiyo ujue pana jambo.

Halafu nikaona kitu kwenye kunakili. Mjukuu ana jina. Mganga ana jina. Mbwa ana jina — Popi! Bibi anaitwa KIKONGWE tu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Nikaandika pembeni kwa penseli: Bibi zetu hawako hivi.

Leo Hatibu kaniita. Karatasi mkononi. Nikadhani nafukuzwa.

"Hawako hivi. Wako vipi?"

Kimya changu kile. Donatus akasema, mwache, huyu bubu. Ndipo likanitoka: "Wana majina."

Hatibu akanitazama. Hakucheka. Akasema Jumapili nimpeleke akawaone.

Jumapili, 13 Juni

Walikuja. Landrova ikasimama karibu na zizi, watoto wakajaa kama nzige. Hatibu akampa Bibi shikamoo, Bibi akaitika marahaba, na hapo Kiswahili chake kikaishia. Yaliyobaki nilitafsiri mimi.

Bibi alikuwa anatoka jikoni, anafuta macho kwa ncha ya kaniki. Hatibu akasimama palepale. Donatus naye. Nikaona wanachokitazama. Macho ya Bibi ni mekundu. Samadi kavu na mabua, miaka sitini ya moshi. Sisi tumeyazoea. Nilikuwa nimesahau kwamba mgeni anayaona kwanza.

"Ni huyu," Hatibu akasema polepole. "Sihitaji unga wala fimbo. Ni huyu."

Nikamweleza Bibi. Alicheka mpaka akashika mlango. "Nikaigize mchawi! Watanipa na fisi wa kupanda?"

Mama hakucheka. Akasema haya si ya kuchezea, macho yenyewe ndiyo hayo, mekundu kama wanayosema ya wachawi, halafu tumwite mchawi kwa midomo yetu wenyewe?

Hapo nikaongea. Mimi! Nikasema wale bibi wanaokatwa mapanga upande wa Geita hakuna anayejua hata majina yao, wanaitwa vikongwe tu, kama kuni. Nikasema watu wa mjini wakimwona bibi wa kweli, mwenye jina, anayepika na kucheka, wataona aibu. Nikasema mtu wa Dar aliyejipaka unga hawezi. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Bibi akaniuliza, "Wewe unataka?"

"Nataka."

"Basi nitakwenda. Lakini kwa jina langu."

Jioni nimefuta KIKONGWE katika nakala zote tatu. Nimeandika MAGENI BINTI BUJIKU. Mara arobaini na moja kila nakala. Naona fahari, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 17 Juni

Siku ya pili ya kupiga picha. Nyumbani kwetu! Mimi nimesimama nyuma ya Donatus, namwambia Bibi kila neno.

Bibi anajua. Sijui kajifunza wapi. Mwigizaji mwingine anaonyesha huzuni — Bibi anapepeta mchele tu, na unahisi. Chausiku sasa anaigiza mkwe. Nilidhani kanichukia kwa kumnyang'anya nafasi. Leo tulikuwa tunamenya viazi pamoja.

Akaniambia, "Mdogo wangu, nisikilize. Mimi nikimaliza kuigiza napanda gari naondoka. Bibi yako ataondoka kwenda wapi?"

Nikasema hana haja ya kuondoka, hapa ni kwake.

"Ndicho ninachosema," akasema.

Ni wivu kidogo, nadhani. Ingawa viazi alimenya vizuri.

Jumamosi, 19 Juni

Siku ndefu. Kijiji kizima kilikuja, na wachimbaji kama kumi kutoka Bugarama waliokuwa wanapita na masururu yao. Mmoja akapiga kelele, "Bibi kaivisha macho!" Jirani yetu Serafina, mama yake Lushinge, akamjibu, "Na wewe osha kwanza miguu, imechakaa kwa udongo!" Watu wakacheka. Serafina ni wetu. Lushinge alizaliwa mikononi mwa Bibi, usiku wa mvua, kamba ya kitovu shingoni.

Kwanza ilikuwa ramli. Hatibu hakutaka mganga wa kuigiza, alitaka mganga. Basi Mzee Mabula mwenyewe kakubali, kwa betri nne za redio na mche wa sabuni. Anayeulizwa anamtemea kuku mate mdomoni, halafu kuku anapasuliwa, mganga anasoma ndani. Kwenye karatasi niliandika: Mageni anajifanya kutema.

Bibi akajifanya. Donatus akasema mate hayaonekani. Wakarudia. Hatibu akasema, "Ateme kweli. Mwambie."

Nikamwambia. "Bibi, tema kweli."

Alinitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akatema.

Mzee Mabula akapasua. Akasema alichoambiwa na Hatibu aseme: "Ndiye."

Baada ya chakula, tukio la mwisho la siku. Mageni anakiri. Mara ya kwanza ng'ombe alilia. Mara ya pili wingu lilipita. Mara ya tatu Bibi alisema polepole sana, kwa Kisukuma, sauti kavu: Mimi, Mageni binti Bujiku, ni mimi. Mwacheni mtoto. Mimi nililia. Chausiku alilia, na hakuwa kwenye picha. Hatibu alisahau kusema "simamisha".

Nilipogeuka kuwaangalia watu nyuma — walikuwa kimya. Nilidhani wameguswa.

Jumapili, 20 Juni

Wameondoka kwenda Mwanza kutafuta petroli na kupiga picha za ziwa. Nilimwuliza Hatibu lini tutaiona. Akasema filamu iko ndani ya kopo, bado haijaoshwa, ukilifungua inakufa. Itakwenda ng'ambo. Miezi minne, labda sita.

Kwa hiyo hakuna aliyeiona isipokuwa sisi tuliokuwepo. Na sisi tumeona vipande. Kijiji hakijauona mwisho, pale mjukuu anapowaambia wote kwamba bibi alisema uongo kwa ajili yake. Ule mwisho waliupiga Ijumaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa ajili ya mwanga.

Kwa nini naandika hili? Sijui. Limenijia tu.

Jumatano, 23 Juni

Lushinge anaumwa. Homa, macho mekundu, vipele nyuma ya masikio. Ni surua. Nimesoma Bayolojia, naijua. Kuna watoto wengine wawili upande wa kisimani wenye vipele hivyo hivyo, na mmoja alianza tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilimwambia Serafina ampeleke zahanati Segese. Alisikiliza huku anatazama mlango wetu.

Bibi alitaka kwenda kumkanda mtoto. Alirudi upesi.

"Umemkanda?"

"Amelala," Bibi akasema. Ni mara ya kwanza namsikia anadanganya bila kamera.

Ijumaa, 25 Juni

Lushinge amefariki. Alfajiri.

Jumamosi, 26 Juni

Tumezika.

Wanawake walikaa kwenye mikeka. Bibi alipokaa, waliokuwa upande wa kulia wakasogea. Wakasogea tu, kama mtu anapomwaga maji. Chakula alichopika Mama kilibaki kwenye sufuria na mfuniko wake.

Niliwaeleza. Nilijilazimisha. Nikasema ni surua, nikasema watoto wa kisimani wanaumwa pia, nikasema yale ya Jumamosi yalikuwa mchezo, maneno yaliandikwa, niliyanakili mimi mwenyewe mara tatu. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno. Mama mmoja akasema, huyu mtoto anasemaje?

Serafina alisikia. Akainuka kutoka kwa wanaomshika. Uso umevimba.

"Mate yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya sinema? Yalikuwa ya Dar? Mtu anaweza kuigiza. Mganga anaweza kuigiza. Kuku hajui sinema!"

Na jina. Akasema, kataja na jina lake, na la baba yake. Mara tatu. Nani anakiri kwa jina la baba yake kwa mchezo?

Mimi niliandika lile jina. Bibi alilitaka — lakini mimi ndiye niliyesema lazima awe na jina. KIKONGWE angekiri, nani angemjua?

Jumatatu, 28 Juni

Nimekwenda Segese kwa miguu. Mzee Sabiti alikuwa anapima chumvi kidogo iliyobaki. Aliniweka kwenye gunia, akanipa maji.

Akasema, "Mimi ni mtu wa kuja, mwanangu. Miaka thelathini na moja hapa, na bado nikienda msibani napewa kiti cha mgeni. Nikisema neno, watauliza Sabiti anajua nini mambo yetu. Lakini naweza kumtumia Hatibu simu ya maandishi." Kuna lori lake linakwenda Kahama leo, dereva atapita posta. Akaniambia maneno yawe machache.

Nilikaa na karatasi nusu saa. Mimi ambaye naandika kila siku! Mwisho nikaandika: NJOO. WAMEAMINI.

Baba yuko machimboni, mwezi wa tatu sasa. Nimemtumia neno kwa wachimbaji. Sijui kama wale wachimbaji hawakumfikishia tayari habari yao.

Jumatano, 30 Juni

Asubuhi moto wetu ulikuwa umezimika. Kiberiti hakuna, kijiji kizima hakina tangu Machi, tunachukuliana moto. Nikaenda kwa Serafina na kigae. Hapana. Nikaenda nyumba ya pili. Mtoto akatumwa kuniambia moto wao umezimika, nami nauona moshi juu ya paa. Nyumba ya tatu hawakuitika hodi.

Bibi akasema usiende tena. Tumekunywa maziwa na kula mihogo mibichi.

Mchana akaja Mwenyekiti Makoye na wazee wawili. Walikataa viti. Makoye ni mtu mzuri, alinipa barua ya kwenda sekondari, aliandika "mtoto mwenye adabu". Leo alisema na Mama kana kwamba sipo. Jumamosi kuna mkutano. Kuku wa pili, mbele ya wote. Akitoka mweupe, neno limekwisha, na Serafina atakuja kuomba moto hapa. Asipotoka mweupe, Ng'wana Bujiku, ndiye Bibi, ahame.

Mama akauliza ahamie wapi, mwanamke wa miaka sabini na kitu.

Makoye akavua kofia. Mama akauliza tena, "Na vijana wenye mapanga? Watamwacha ahame?"

Akatazama kofia yake. "Vijana siwezi kuwafunga kamba, mama."

Alipoondoka Bibi aliendelea kuchambua maharage ambayo hatuna moto wa kuyapika.

Alhamisi, 1 Julai

Hakuna jibu kutoka Mwanza.

Nimefikiri kuondoka naye. Shule inafunguliwa Jumatatu. Ningempeleka Shinyanga — wapi? Bwenini? Nimlaze chini ya kitanda changu?

Nimemwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno, kama insha. Nikasema tu, "Bibi." Akasema, najua, shika hii, na akanipa kamba nimsaidie kufunga mtamba.

Vijana wanne wamekaa juu ya jabali mbele ya nyumba tangu saa tisa. Hawafanyi kitu. Wanajua kwamba tunawaona.

Ijumaa, 2 Julai

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Mabula. Mwenyewe. Nilipiga hodi mara mbili nikiwa nataka kukimbia. Redio yake ilikuwa inaimba — betri mpya. Akaizima aliponiona.

Nikamwuliza, siku ile, ndani ya kuku, aliona nini?

Akaisogeza redio pembeni. Kisha akasema, "Yule bwana aliniambia nisiitazame mashine. Basi nikawa siwezi kutazama kitu kingine. Jicho lake lilikuwa kubwa. Nilipasua, nikasema neno nililopewa. Sikuangalia chini."

"Hukumsoma?"

"Kuku anasomwaje na mtu asiyemtazama?"

Nilitaka kumbusu mikono! Nikasema, basi kesho sema hivyo tu, Mzee, maneno hayo hayo, basi.

Hapo uso wake ukafunga. Akasema, "Nikisema nilitamka bila kutazama, nani ataniletea kuku tena?" Nikasema si kitu, ni siku moja tu. Akasema, "Mtoto wa shule, huelewi. Wataniuliza, na wale wengine je? Uliwatazama? Wapo waliohama kwa neno langu. Wapo waliokufa." Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu magotini, hakuna kitu. "Nenda. Ukiyasema haya nitakukana."

Nimerudi nikilia njia nzima, na vijana wa jabalini wakaniona.

Saa tisa — Landrova! Hatibu, Donatus, na Chausiku amekuja pia. Chausiku hakusema "nilikwambia". Alishuka na viberiti viwili na kuniwekea mkononi. Mama akawasha moto. Tumepika. Wote tuliutazama moshi kama mgeni.

Hatibu yuko hoi, anavuta sigara nzima nzima. Anasema Bibi aingie garini sasa hivi, kabla jua halijazama watakuwa Kahama. Mama akaanza kufunga nguo. Nikatafsiri. Bibi akauliza, kisha?

"Kisha Dar. Atakaa kwa mama yangu, Magomeni."

Bibi akasema mwanamke anayeondoka kwa gari siku moja kabla ya kuku amekwisha kujisomea mwenyewe. Mkwewe atabaki. Mjukuu atabaki. Jina litabaki, na hao ndio watakaolibeba. "Mwambie ahsante. Mwambie mama yake namsalimu."

Mama akafungua mzigo tena, nguo moja moja.

Baadaye Hatibu akanivuta pembeni. Wana filamu kidogo imebaki, dakika kumi. Anataka kupiga picha mkutano. Nilimtazama! Akasema siyo kama ninavyofikiri. Akasema watu wakiona bibi wa kweli, mwenye jina, wataona aibu.

Ni maneno yangu. Neno kwa neno. Nilitaka kumpiga, na nisingejua nampiga nani.

Nikasema hapana. Nimewaambia wote kuhusu Mzee Mabula, kwamba hakutazama. Bibi alikuwa karibu na moto. Sikumtafsiria. Sikutaka ajue kwamba kuna mtu anayeweza kumwokoa na hataki.

Jumamosi, 3 Julai

Chini ya paa la ghala la pamba. Watu wengi kuliko siku ya sinema. Mwenyekiti Makoye amesema karatasi za muhtasari zimekwisha, nani ana daftari, na wote wakanigeukia. Basi naandika humu. Mimi ni karani wa shauri la bibi yangu. Ukurasa wa kushoto muhtasari, wa kulia wangu.

Kamera imekatazwa. Donatus kaifungia garini. Hatibu amesimama na wanaume, anaangalia chini. Chausiku amemshika Mama mkono. Serafina yuko mbele, kanyoa nywele za msiba. Vijana wamesimama nyuma, nje ya kivuli.

Makoye akauliza kama yuko mwenye neno kabla ya kuku. Nilisimama. Nilisema: Maneno yale ni yangu. Bibi hakuyasema kwa nia yake, aliyasema kwa sababu nilimwambia ayaseme. Na kutema nilimwambia mimi. Kama kuna mwenye kosa, ni mimi. Safari hii walinisikia wote.

Mtu akacheka. Mwingine akasema, hivyo ndivyo mjukuu mwema anavyofanya. Sauti ya kike: "Wanafundishana!" Serafina hakucheka. Alinitazama tu, nikaona kwamba anatamani kuniamini, na hawezi.

Nikataka kusema la Mzee Mabula. Nilimtazama. Alikuwa ananitazama. Nikasema, "Mzee Mabula hakumwangalia kuku." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa. "Mtoto huyu ana uchungu," akasema. Makoye akasema nikae, niandike.

Nimekaa. Naandika.

Bibi anaitwa mbele. Kaniki yake safi, Chausiku kaifua. Kuku ni mweupe, Makoye kamtoa kwake mwenyewe. Mabula kamshika miguu.

Bibi hatemi. Anasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, ya kuomba chumvi: "Leteni ile mashine."

Kelele. Makoye anasema mashine imekatazwa. Bibi anasema, mara ya kwanza nilisomwa mbele ya mashine. Nisomwe tena mbele ya mashine hiyo hiyo. Au mara ya kwanza haikuwa ramli?

Wazee wanainamiana. Wananong'ona. Makoye anatikisa mkono — iletwe. Hatibu ananiuliza, anasemaje, anasemaje? Nimemwambia. Donatus anakimbia.

Imewekwa. Inanguruma.

Bibi kamnyang'anya Mabula kuku, kamfungua mdomo mwenyewe, katema. Hakungoja kuambiwa. Kamrudishia. Sasa anasema: "Mabula. Siku ile nilisimama mbele yako, karibu hivi. Macho haya yanawatisha watu, lakini yanaona. Leo mtazame kuku. Gete."

Alijua. Alijua tangu siku ile, na akanyamaza siku zote hizi! Kwa nini — sina muda.

Hatibu ananivuta mkono: anasemaje? Simjibu.

Mabula kapasua. Damu mpaka kwenye viwiko. Kuku yuko wazi viganjani mwake. Mashine inanguruma. Serafina kasimama. Vijana wamesogea hadi kwenye kivuli, mikono yao siioni, iko nyuma. Makoye anasema, haya, Mzee, soma.

Mabula anaitazama mashine. Sasa anamtazama Bibi. Jasho linamwingia machoni na hawezi kulifuta kwa ile damu.

Makoye anarudia: soma.

Kichwa chake kinainama. Kidogo. Bado hajamfikia kuku —